Patroni za vichwa vya vikaragosi zinazouzwa hapa Lubumbashi zinatuharibia sponji, kisha tunaambiwa kosa ni la mikono yetu

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na kila kinachonikasirisha kinaweza kupimwa kwa rula. Kikundi chetu cha wazazi na walimu, hapa Lubumbashi katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, kinatayarisha vikaragosi vya maonyesho ya watoto. Kwa fedha za michango tulinunua pakiti ya patroni za karatasi za kukatia vichwa vya sponji, kutoka kwa mtu anayeziuza mjini pamoja na mafunzo. Simtaji jina wala mahali anapouzia, kwa kuwa nia yangu ni kuzuia bidhaa hii isiendelee kumaliza sponji za watu, na wenye pakiti hiyo wataitambua kwa dosari zake.

Dosari kubwa kuliko zote ni kwamba patroni hizo zimeongezewa nafasi ya mshono. Kuzunguka kila kipande kuna mstari mpya uliochorwa kwa kalamu, sentimita 1 nje ya mstari wa asili, na mstari wa asili umefutwa kiasi kwamba unaonekana kwa ufifi tu. Mnunuzi anaelekezwa kukata kwa kufuata mstari wa nje. Aliyefanya hivyo anajua kushona nguo, lakini hajawahi kuunda kichwa cha sponji akakikamilisha. Katika nguo nafasi hiyo ni ya lazima, kwa sababu kitambaa hulazwa juu ya kitambaa na sindano hupita ndani ya ukingo. Sponji hubandikwa ukingo kwa ukingo, na hakuna hata milimita moja inayoingia ndani, kwa hiyo kila kilichoongezwa kinabaki kuwa sehemu ya kichwa.

Naomba mnivumilie nieleze madhara yake, maana muuzaji alituambia kuwa sentimita moja si kitu. Sponji hutoka kwa muuza magodoro ikiwa bapa. Ili iwe fuvu, patroni huiondolea mapengo yenye umbo la kabari utosini na kisogoni. Kingo mbili za kila pengo zikipakwa gundi na kukutanishwa, bapa hulazimika kujikunja na kuwa kuba. Upana wa mapengo hayo ndio unaoamua uviringo wa kichwa: pengo pana hukunja zaidi, pengo jembamba hukunja kidogo. Sasa chukueni pengo lenye upana wa sentimita 4 pale lilipo pana zaidi, kisha sponji ya kila upande wake iongezwe sentimita 1. Linabaki na sentimita 2, na sehemu yake ya juu, iliyokuwa nyembamba tangu mwanzo, inafutika kabisa. Kichwa chenye mapengo manne ya namna hiyo kinapata sentimita 8 za ziada za mzingo mahali palepale kilipotakiwa kujibana. Tulichopata sisi ni kitu kilicholegea kama kofia kubwa, ambacho hakikubali kusimama na hakina paji la uso wala mashavu. Mtoto mmoja aliuliza ni samaki gani huyo.

Dosari ya pili iko katika fotokopi yenyewe. Patroni za asili zimechorwa kwa inchi, kwa karatasi ya Kimarekani yenye milimita 216 kwa 279, nazo zimetolewa kwenye A4 yetu ya milimita 210 kwa 297. Mashine ikiachiwa ijipangie ukubwa, hupunguza mchoro ili uingie ndani ya karatasi pamoja na pambizo zake. Ndiyo maana mtengenezaji makini huweka mstari wa kupimia kwenye kila ukurasa: ukiandikwa inchi 4, basi rula ionyeshe milimita 101.6, na ikionyesha pungufu unajua kwamba ukurasa huo umepunguzwa. Katika pakiti yetu mstari huo umebaki kwenye ukurasa wa uso tu, na una milimita 96. Kwenye ukurasa wa kisogo umekatwa. Tukapima ukingo wa A hadi B, ambao katika uso na katika kisogo unapaswa kuwa na urefu uleule kwa sababu ndipo vipande hivyo viwili vinapokutana. Tulifuata ule mstari wa asili uliofifia, wala si ule wa kalamu. Uso ulikuwa na sentimita 26, kisogo sentimita 27.5. Kurasa mbili za patroni moja zimetolewa kwa vipimo viwili tofauti, kisha zikatiwa katika bahasha moja na kuuzwa.

Laiti kurasa zote zingepunguzwa kwa kiwango kimoja, tungepata kichwa kidogo lakini kinachofunga. Vipimo vikitofautiana, hakuna ustadi wa mikono unaoweza kuviokoa. Unaweza kuivuta sponji ifike, kwa kuwa inavutika, lakini sponji iliyovutwa haisahau: itaupinda uso upande mmoja, au itaachia gundi baada ya siku chache. Mama anayetushonea, ambaye riziki yake ni sare za wanafunzi, aliliona tatizo hili kabla kisu hakijaguswa. Kumwambia mama huyo kwamba mikono yake bado haijazoea, kama muuzaji alivyomwambia mbele ya watu, ni utovu wa heshima ambao mimi siwezi kuupitisha kimya.

Unene wa sponji nao haukutajwa popote. Ukurasa wa maelezo haumo, na jina la aliyechora patroni limekatwa pembeni, jambo ambalo ni dhuluma kwa mchoraji huyo. Kwa mnunuzi, kukosekana kwa unene ni hasara ya moja kwa moja. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 58 kwa nje kina upana wa kama sentimita 18.5. Kikitengenezwa kwa sponji ya milimita 12, ndani hubaki kama sentimita 16, na mkono wa mtu mzima hucheza bila taabu. Kikitengenezwa kwa sponji ya milimita 25, ndani hubaki sentimita 13.5, na ukishabandika kinywa na mahali pa kushikia, vidole havina pa kufungukia. Wauza magodoro hukata unene wowote unaotaja, lakini lazima utaje, na sisi hatukuwa na cha kutaja. Muuzaji, alipoulizwa, alijibu kwamba sponji yoyote inafaa.

Yote hayo ni hasara ya fedha na ya muda. Kinachonitia hasira kuliko yote ni kijikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, kilichotiwa ndani ya pakiti, kinachosema: paka gundi, bandika papo hapo, na ikichelewa kukauka sogeza kipande karibu na mbabula, yaani jiko la makaa.

Gundi inayohitajika ni ile ya mafundi viatu. Hupakwa kwa wepesi kwenye kingo zote mbili, huachwa mpaka kimiminika chake kipeperuke na ukiigusa isikuchafue kidole, ndipo kingo hukutanishwa, mara moja tu, kwa kuanzia ncha zote mbili na kumalizia katikati. Ukibandika papo hapo ingali maji, haishiki, na mshono hufunguka. Hilo ni kosa la kazi, linarekebishika. Kusogeza gundi hiyo karibu na makaa ni jambo jingine kabisa. Kile kinachopeperuka ndicho kinachoshika moto, mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi ulipo moto, na sponji ya godoro ikiwaka huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye kaboni monoksidi na sianidi, ambao humlevya mtu kabla hajaufikia mlango. Tuko katika mji ambao kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hutufanya tufunge madirisha, na karibu kila nyumba ina mbabula. Nani anayekaa mezani kukata na kubandika? Ni watoto wa shule, kwa kuwa mafunzo hayo yanatangazwa kwamba ni ya watoto. Nilipomwonyesha muuzaji kijikaratasi hicho alisema kwamba hakuna aliyewahi kuungua. Sikupata jibu la kumpa bila kuvunja heshima, nikaondoka.

Sisi tuliopata bahati ya kukua tukimsikiliza Mufwankolo, mchekeshaji wa mji huu, na wenzake wakiigiza kwa Kiswahili chetu tunajua kwamba maonyesho katika mji huu hayajawahi kuwa kazi ya kubahatisha. Vikaragosi navyo vinastahili uangalifu huo.

Ninachodai kwa muuzaji, na ninajua anasoma hapa, ni hiki. Arudishe fedha za kila aliyenunua pakiti hiyo, pamoja na bei ya sponji iliyokatwa. Aondoe kijikaratasi cha mbabula leo hii, wala asingoje pakiti ziishe. Akitaka kuendelea na biashara hii, kwanza apate idhini ya mchoraji na arudishe jina lake, kisha kila ukurasa uwe na mstari wa kupimia, unene wa sponji uandikwe, alama za kukutanishia ziwepo kwenye kingo zote, na mstari wa kukatia uwe mmoja tu. Nafasi ya mshono aiweke kwenye patroni za kitambaa cha kufunikia kichwa, ambako ndiko inakohitajika, na hizo ziwe kurasa tofauti. Huko pia aandike kwamba kipande cha kulia hukatwa kwa kugeuza karatasi, kwa kuwa kitambaa kina uso na mgongo, tofauti na sponji, ambayo unaweza kuigeuza hata baada ya kuikata.

Kwa wenzangu mliokwisha kununua: kabla hamjagusa sponji, tafuteni mstari wa asili uliofifia, pimeni A hadi B kwenye kurasa zote mbili, na mwandike hapa chini mlichopata. Kama pakiti nyingine zina tofauti ileile ya sentimita moja na nusu, tutajua kwamba zote zimetoka kwenye fotokopi moja, na tutakwenda kudai fedha zetu pamoja.