Re: Viza ya kufanyia kazi mbali: Ureno, Hispania au Mauritius?

> Nimeajiriwa na kampuni ya hapa Nairobi, nalipwa dola 3,600 kwa mwezi, na wamekubali nifanyie kazi popote. Nahama na mke wangu. Nianze na ipi?

Habari ya jioni ndugu, na wanajamii wote.

Ureno iweke kando. Viza yao ya D8, iliyoanza Oktoba 2022, inataka kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara. Kwa kima cha 2025 hiyo ilikuwa yuro 3,480 kwa mwezi. Dola zako zikigeuzwa kuwa yuro, hufiki.

Hispania wanataka mara mbili tu ya kima chao, na wengi huishia kusoma hapo. Mke anaongeza asilimia 75 ya kima hicho. Mwaka 2025 hesabu ya watu wawili ilikaribia yuro 3,800. Ukitangulia peke yako unatosha, ila sasa unakutana na hifadhi ya jamii, na hapa ndipo waajiriwa wengi hukwama. Kenya na Hispania hazina mkataba wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo michango yako ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya) haikufai kitu kule. Ama mwajiri ajisajili Hispania akuchangie, ama uache ajira uwe mtoa huduma unayejilipia michango hiyo mwenyewe. Ukikubali hilo la pili, likizo ya malipo na bima ya kazini zimekwenda. Tafadhali pata jibu la mwajiri kwa maandishi kabla hujamlipa mtafsiri wa vyeti hata shilingi.

Mimi ningeanza na Mauritius. Premium Visa yao haina ada, huombwa mtandaoni, inataka dola 1,500 kwa mwezi zinazotoka nje ya nchi, na ni ya mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Saa zao zimeitangulia Nairobi kwa saa moja tu, hivyo hutakesha kwa ajili ya mikutano. Ukipanga kukaa zaidi ya siku 183, muone mhasibu mapema kuhusu kodi.

Halafu, hizo 3,600 ni kabla ya makato? PAYE (kodi ya mshahara), SHIF (bima ya afya) na tozo ya nyumba zikitoka, taarifa ya benki itaonyesha pesa pungufu kuliko mkataba. Ambatanisha slipu za mshahara, na barua ya mwajiri itaje nchi unayokwenda kwa jina, isiandikwe "popote".

Mkataba wako unasemaje kuhusu kituo cha kazi? Tuandikie kifungu hicho tukisome pamoja.