Mrejesho: smuthi ya papai iliyokuwa inageuka chungu

Wadau, mimi ni yule wa Mikindani niliyeuliza kwa nini smuthi yangu ya papai, maziwa na tangawizi inakuwa chungu na kukatika mabongemabonge nikiiacha kidogo kwenye friji. Mliosema papai lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na tangawizi mbichi nayo vilevile, mlipatia. Mimi nilishamlaumu muuza maziwa, masikini.

Maziwa nimeacha. Nililoweka konzi moja ya korosho usiku kucha (huku Mtwara kukosa korosho ni uzembe tu), asubuhi nikazisaga kwa maji ya baridi mpaka tui likawa zito, jeupe. Ndipo nikatia papai bivu, ndizi moja na tangawizi kama ncha ya kidole. Iliki nilitwanga punje tupu. Siku ile nilisaga na maganda yake, yakawa yanakwaruza kooni. Mdalasini kidogo sana.

Mama mkwe alionja, akanyamaza, kisha akasogeza glasi nimwongeze. Ila limao mlilonishauri, hapana, liliua iliki yote. Ya jana ilikaa hadi jioni na haikuwa chungu.