Semina ya judo siku mbili Unguja, Forodhani katikati. Tupange vipi?

mkanda_njano

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, tunavuka kutoka Dar kwenda Unguja kwa semina ya judo. Jumamosi kuna vipindi viwili, saa 3 hadi 5:30 asubuhi, na saa 10 hadi 12 jioni. Jumapili saa 3 hadi 6 ni randori (mapambano ya mazoezi) mtindo mmoja, kisha tunawahi boti ya alasiri. Jumamosi usiku ni Forodhani, kwenye meza za vyakula, jamaa wameshapitisha na halina rufaa.

Naomba ushauri: mchana wa Jumamosi tule nini, na usiku tule nini ili Jumapili tusigeuzwe magunia? Kila mtu ana gi (sare ya judo) moja, itakauka kweli? Mwenzetu mmoja ana wiki tatu tu tangu aanze, tumlinde vipi? Mwingine ana duara la choa mkononi, anadai "limeshapona karibu lote".

fundi_wa_ukemi

Naanza na mgeni, maana huyo ndiye anayeweza kuwapeleka hospitali. Mtu wa wiki tatu hajui kuanguka, hata kama ameshajua kutupa. Kila kipindi, kabla hajashikwa na mtu, apige ukemi (zoezi la kuanguka salama) ya nyuma mara 20: kumi akiwa amechuchumaa, kumi akiwa amesimama. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake, pumzi itoke, mikono ipige mkeka ikiwa imeachana na mwili kwa nyuzi 30 hadi 45. Mkono ukipanda hadi usawa wa bega, kishindo chote kinahamia begani. Kosa lingine ni kutanguliza kiganja nyuma ili kujizuia, na hapo ndipo vifundo vya mikono na viwiko vinapoteguka.

Osoto gari, mtupo wa kufagia mguu kwa nyuma, kwake iwe marufuku. Anayetupwa kwa mbinu hiyo anakwenda kinyumenyume, mguu umeshafagiwa, na asipokaza shingo kisogo ndicho kinachotangulia kufika. Randori yake iwe ya chini, wote wawili mmeanza kwa magoti, dakika 3, na mkanda wa juu ndiye acheze naye. Wa mkanda wa njano ndio wanaoumiza watu (samahani mleta uzi): nguvu za kutupa wanazo, ila hawajazoea kumshikilia mwenzao mkono wa gi anapoanguka.

Akigonga kichwa, hata kama anacheka, siku yake imekwisha. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo, au akirudia swali lile lile mara mbili tatu, mpelekeni hospitali, msimwambie akalale.

Mlo_na_Mkeka

Kati ya 5:30 na saa 10 mna saa nne na nusu. Zinatosha, ila msizimalize kwa kuzurura Mji Mkongwe. Kuleni kabla ya saa 7: wali mweupe, samaki au kuku wa mchuzi mwepesi, mboga kidogo. Biriani acheni. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, na mtu akikulalia kifuani kwa kesa gatame (kabali ya kukubana chini mkekani) saa 10 utakumbuka kila tonge. Maharage nayo si siku yake. Saa 9 ndizi mbivu mbili na chai, basi.

Maji sasa. Jipimeni uzito kabla na baada ya kipindi cha asubuhi, bila gi, kwa sababu gi iliyolowa jasho inadanganya mizani. Kila kilo iliyopungua, rudisha lita 1.25 hadi 1.5, kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni ndogo, na jasho la joto lile linaondoka na chumvi nyingi. Changanyeni wenyewe: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisawazishwe, kisiwe na mlima. Onja: ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Binti_Darajani

Karibuni kwetu. Msimsikilize atakayewaambia Forodhani mwende kutazama tu. Kaogeni kwanza, mfike kama saa 1:30 usiku, mmalize saa 3.

Urojo wenyewe, yaani ule mchuzi wa unga, embe mbichi, ndimu na bizari, si mzito. Kinacholemea ni vinavyotiwa ndani. Mwambie muuzaji, "Nitilie viazi, mishikaki na yai, bajia moja, chipsi za muhogo usitie, pilipili kidogo." Pilipili haina ugomvi na misuli, ugomvi wake utauona alfajiri chooni. Baada ya hapo mishikaki na mkate. Ile wanayoiita pitsa ni unga mwembamba uliojazwa nyama ya kusaga, yai, kitunguu na mayonezi, ukakaangwa kwa mafuta. Chukueni moja mgawane wanne, mpate kusema mmekula. Juisi ya miwa na ndimu na tangawizi ni yenu, lakini bila barafu.

Pweza na samaki wengi pale wameshaiva mapema, wanachofanyiwa mbele yenu ni kupashwa moto. Tafuteni meza inayouza haraka, na mumwombe arudishe kwenye makaa mpaka kiwe moto hadi ndani. Cha vuguvugu msikipokee. Samaki mzima mguseni karibu na mfupa: nyama iachie yenyewe, ikishikilia bado mbichi. Kachumbari iliyokaa wazi ipiteni.

Bei ulizeni ya kila kipande, kabla hakijaingia sahanini. Ukimwachia akupangie sahani, hesabu nayo kapanga yeye. Na changeni fedha mapema zishikwe na mmoja, kwa sababu kila meza ni ya mtu wake, inalipwa mbalimbali, na mkianza kutafutana chenji kule gizani mtagombana.

Asubuhi ya Jumapili saa 1: boflo, mayai mawili ya kuchemsha, chai. Chapati za mafuta ziachwe mpaka baada ya randori.

mkanda_njano

Ahsanteni sana. Kuna mmoja anauliza kuhusu bia mbili usiku huo. Na gi je?

Mlo_na_Mkeka

Bia hizo azinywe Dar Jumapili usiku. Mtu aliyetoka jasho vipindi viwili, akaongeza kinachomkojoza na kumkata usingizi, ndiye atakayebanwa na misuli ya paja kwenye raundi ya tatu.

kamba_ya_nguo

Gi ya kusukwa mara mbili, ile ya gramu 750 kwa mita ya mraba kwenda juu, haikauki usiku mmoja kwa unyevu wa Unguja ukiifua. Kwa hiyo Jumamosi msifue. Mkitoka kipindi cha asubuhi igeuzeni ndani nje, itundikwe kwa vining'inizio viwili ili mabega yaachane, mikono inyooshwe, feni iielekee. Jioni rudieni hivyo hivyo, ila kwanza pangusa kola na kwapa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo. Kola ndiyo inayokauka mwisho na ndiyo inayonuka. Kinachoharibu kila kitu ni kuiacha kwenye mfuko wa plastiki wakati mnakula mchana. Mwenye uwezo aazime gi ya pili nyepesi, hata iliyochakaa, aivae Jumapili.

Na kateni kucha kabla ya kuvuka. Za miguu pia.

nesi_mkekani

Choa hupona kuanzia katikati, ndiyo maana huonekana duara na watu hudanganyika. Mtazame ukingo: ukiwa bado umeinuka, mwekundu, wenye magamba, hajapona. Apake klotrimazole, krimu ya fangasi, mara 2 kwa siku, apitilize ukingo kwa sentimita 2, na aendelee wiki 2 hadi 4 hata ngozi ikishakuwa safi mapema. Krimu zilizochanganywa na steroidi aziepuke. Muwasho unatulia huku fangasi ikitambaa.

Kanuni za mieleka ya sekondari kule Marekani zinataka angalau saa 72 za dawa kabla ya kurudi mkekani. Akianza leo na semina ni kesho kutwa, asicheze. Bendeji si njia ya mkato, jasho litaing'oa ndani ya dakika kumi, na mkeka mnaulalia wote. Amwambie sensei (mwalimu) mwenyewe kabla hajaulizwa.

Binti_Darajani

Nimesahau boti. Mkija wakati wa kusi bahari inachafuka. Jumapili msile sana kati ya saa 6 na boti, na mwenye kutapika ameze dawa yake kabla ya kupanda, akianza kulegea imeshachelewa. Kaeni katikati, ghorofa ya chini. Gi zilizolowa zitieni kwenye mfuko wa wavu, msizikalie.