Kitabu cha bei cha Marekani kinafaa kuthaminia mashine ya boti iliyotumika?

BintiMkokotoni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa baharini. Marehemu baba ameacha mashine ya Yamaha Enduro 40, ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili, shafti ndefu, ya kuvuta kamba. Warithi tumekubaliana kaka mkubwa aichukue na sisi wengine tulipwe mafungu yetu, kwa hiyo bei iwe ya haki kwa anayetoa na anayepokea. Ndugu yetu aliyeko nje ametuma kurasa za mwongozo wa bei wa J.D. Power, ule uliokuwa ukiitwa NADA, anataka tuufuate. Dalali wa diko ana bei yake, na zimepishana mbali. Tushike ipi?

FundiWete

Waalaykum salaam dada, Allah amrehemu mzee.

Kwanza soma tena jina la mashine kwenye hizo kurasa. Marekani ilianza kubana moshi wa mashine za boti mwaka 1998, kidogo kidogo mpaka 2006, na mashine za kabureta za kuchanganya oili zikatoka kwenye maduka yao. Enduro mpya kule haiuzwi. Nahisi mmetumiwa bei ya Yamaha F40. Hiyo ni silinda tatu, oili yake mbali na petroli. Farasi ni 40 zote mbili, lakini ni mashine tofauti, wateja wake ni tofauti na spea zake ni tofauti.

Hata mngeipata yenyewe, mwongozo ule unatoa bei ya rejareja, ya chini na ya wastani, kwa mashine nzima inayofanya kazi, kwenye soko lenye duka la wakala, fundi wa kampuni na dhamana. Wapo kule wanaoendesha kwenye maziwa ya maji baridi miezi michache kwa mwaka. Ya mzee imekaa kwenye chumvi, pengine imetoka kila bamvua. Mwaka wa kutengenezwa, ambao ndio uti wa mgongo wa mwongozo, kwetu unasema machache sana. Mashine ya miaka mitatu iliyokuwa ikiachwa bila kuoshwa kwa maji matamu huwa imechoka kuliko ya miaka kumi iliyotunzwa.

NahodhaKojani

Fundi amesema kweli, ila miongozo isitupwe yote. Kwa mashine za mtumba zinazoshushwa kutoka nje, hasa zile za oili mbali za Yamaha, Suzuki na Honda, inakwambia muuzaji amenunulia kwenye soko la namna gani. Ukijumlisha usafiri na ushuru unajua kama anakukamua. Inasaidia pia kulinganisha: kamba na stata ya umeme zinapishana kiasi gani, shafti fupi ya inchi 15 na ndefu ya inchi 20 vipi.

Lakini chungeni majina. Nissan za boti zilikuwa zikitengenezwa na Tohatsu, na Mercury ndogo nyingi pia, hivyo chuma kile kile unaweza kukikuta kwa bei mbili kwa sababu ya kibandiko. Evinrude nayo iliacha kutengenezwa 2020. Ukiona bei yake nzuri kitabuni, jiulize kwanza spea utazipata wapi hapa Unguja na Pemba.

BintiMkokotoni

Ahsanteni sana. Ni kweli, kurasa zimeandikwa F40. Sasa bei yetu tunaipata kwa njia gani?

FundiWete

Anzeni na bei mpya ya leo ya modeli hiyo hiyo kwa wakala mjini, iliyoandikwa kwenye karatasi. Hicho ndicho kikomo cha juu. Kisha tafuteni mauzo matatu ya karibuni ya Enduro 40 kwenye madiko, Nungwi, Malindi, popote. Muulizeni aliyenunua, alitoa ngapi mkononi. Bei ya dalali ni bei ya kuombea, na ujira wake umo ndani.

Baada ya hapo pimeni hali, na hapa ndipo pesa ilipo.

Kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Mashine iwe imepata moto. Toa plagi zote mbili, chomoa kile kiklipu cha usalama ili isitoe cheche, fungua mafuta mpaka mwisho kwa kishikio cha mwendo, kaza geji kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara tano au sita mpaka mshale usimame. Wengi hupima mafuta yakiwa yamefungwa, silinda inakosa hewa, geji inasoma chini, na mashine nzima inaitwa mbovu. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti baina ya silinda mbili. Ikizidi sehemu moja kwa kumi, pana jambo.

Oili ya gia. Legeza skrubu ya chini ya mguu, ya juu uiache imekazwa kwanza. Mashine iwe imesimama bila kuguswa usiku kucha, maji hushuka chini na yatatangulia kutoka. Oili nyeupe kama tui maana yake sili zimepitisha maji. Sili ni rahisi, lakini kama maji yamekaa muda, beringi na meno ya gia yameshaliwa. Paka oili kidogo kwenye kidole: ukiona chembe za chuma zinazong'aa, hesabu gia nzima.

Maji ya kupoza. Washa ndani ya pipa, yafike juu ya matundu ya kunyonyea maji. Kitundu cha kutemea maji kitoe kwa nguvu. Kikidondosha tu, impela (kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji) imekwisha au njia zimeziba chumvi. Impela ni kitu kidogo. Tatizo ni boliti zilizogandia kwenye bodi: zikikatika, kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Angalia zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya bodi, kama zipo, na rangi iliyovimba karibu na sehemu za kufungia mashine kwenye shetri ya boti. Kibati cha namba nacho kisiwe kimekwaruzwa. Wakala anauza spea kwa kufuata namba ya modeli iliyoko hapo, na isiposomeka mnunuzi yeyote mwenye akili atashusha bei.

BintiMkokotoni

Fundi wa hapa amepima mashine ikiwa moto, mafuta wazi. Silinda ya juu 105, ya chini 80. Oili ya gia safi. Maji yanatoka vizuri.

FundiWete

Tofauti hiyo ni karibu robo, si ndogo. Mwambie atie oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi ya chini, avute kamba polepole mara mbili, apime tena. Ikipanda sana, tatizo ni ringi za pistoni au ukuta wa silinda. Isipopanda, atazame gasketi ya kichwa kabla ya kufungua pistoni, maana gharama zake hazifanani hata kidogo.

Ikiwa ni ringi, msikate bei kwa kukisia. Ombeni karatasi ya gharama: pistoni na ringi, gasketi, kuchonga silinda kama imekwaruzika, na ujira. Jumla hiyo itolewe kwenye bei ya mashine nzima mliyoipata madikoni. Kaka yenu asidai tena punguzo la "mashine mbovu" juu yake, atakuwa amekata mara mbili.

NahodhaKojani

Na vipimo vifanywe warithi wote wakiwapo, au wawakilishi wao, namba ziandikwe siku hiyo hiyo. Tangi, mpira wa mafuta na pangaboi la akiba viorodhesheni mbali. Vinauzika peke yake, na mara nyingi huondoka na mashine bila kuhesabiwa.