Kutokosa viungo ili nyumba inukie wakati wa kipupwe: machungwa na mdalasini, mchaichai, au udi?

Mama wa Uyole
Ndugu wanajukwaa, habari za baridi. Mwishoni mwa mwezi huu tunapokea wageni wa posa ya binti yetu hapa Uyole, Mbeya, na kwa kuwa msimu huu madirisha hufungwa mapema, nyumba hubaki na harufu ya mapishi na ya nguo zisizokauka vizuri. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani, majani yanapoanza kupukutika mwezi Septemba, watu hutokosa maganda ya machungwa, vipande vya tufaa, mdalasini na karafuu katika sufuria ya maji mpaka nyumba nzima inukie. Naona kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti kinafaa sana kwa jambo hilo. Jumamosi nakwenda sokoni Mwanjelwa. Je, ninunue viungo hivyo, nitumie mchaichai na majani ya mkaratusi niliyonayo bure uani, au ninunue udi?

Mnyalukolo wa Kalenga
Hongera kwa posa, mama. Umetaja sufuria lakini hukutaja moto. Unapikia gesi, umeme au mkaa? Sebule ina ukubwa gani, na je, humo ndani kuna mtoto mchanga au mtu mwenye pumu? Pasipo majibu hayo kila mmoja atakutajia tu kile anachokipenda.

Mpwani Ugenini
Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Iringa, na ushauri wangu ni udi. Kwetu mgeni wa posa hapokelewi katika nyumba isiyofukizwa. Moshi wa udi na ubani hushika mapazia na nguo hadi kesho yake, ilhali mvuke wa sufuria hupotea muda mfupi baada ya moto kuzimwa. Kama ni lazima utokose, karafuu ndiyo itangulie. Usinunue kwa kutazama rangi tu: ibonyeze kwa ukucha, na isipotoa mafuta, mwachie muuzaji.

Bibi wa Tukuyu
Mwanangu, kwa nini ununue harufu wakati iko uani? Chukua mashina ya mchaichai, uponde ile sehemu nyeupe ya chini kwa mchi, uyafunge fundo, kisha uyatokose pamoja na tangawizi iliyokatwa vipande. Harufu yake hukaribia ya limau, ni safi, wala haigombani na ya chakula. Ila kwanza hizo nguo mbichi zitoke ndani na madirisha yafunguliwe jua linapotoka. Ukiweka manukato juu ya ukungu, utakuwa na harufu mbili badala ya moja.

Mama wa Uyole
Asanteni sana. Gesi ninayo, ila mtungi ni mdogo na siku hiyo utatumika kupikia pilau. Kwa hiyo nilikusudia kuiweka sufuria juu ya jiko la mkaa pale sebuleni, ili liwapashe wageni joto pia. Mama mkwe wangu ana pumu, lakini si kali.

Muuguzi wa Njombe
Mama, nakuomba usifanye hivyo, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe nimeliona. Familia moja jirani na kwetu iliingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, ikabandika juu yake sufuria ya majani ya mkaratusi kwa ajili ya mafua ya watoto, ikafunga dirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga. Chumba kilinukia vizuri, na hilo ndilo lililowapumbaza, kwa kuwa waliamini kwamba hewa inayonukia ni hewa safi. Mama alipoamka kichwa kilikuwa kikimgonga na miguu haina nguvu. Alijikokota hadi mlangoni akapiga kelele, na sisi tulipofika mtoto mdogo alikuwa hajitambui. Tuliwatoa nje na kuwakimbiza hospitali, wakapona wote. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Karafuu, mdalasini au mchaichai haviipunguzi hata kidogo. Kuhusu pumu, hata isiyo kali inaweza kuamshwa na moshi wa udi au harufu kali ya mkaratusi, hivyo mama mkwe aulizwe kabla ya siku yenyewe.

Mwalimu wa Fizikia
Naunga mkono. Niongeze kwamba Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo harufu huchelewa kutoka.

Mnyalukolo wa Kalenga
Hapo sikubaliani nawe, Mwalimu. Anayetokosa hahitaji maji yachemke kwa nguvu. Mapovu madogo ya pembeni yanatosha, na nyuzi 94 ni nyingi kupita mahitaji yake.

Mwalimu wa Fizikia
Hoja yako ni sahihi kwa sehemu. Mafuta ya maganda ya chungwa ni mepesi na hutangulia kutoka na mvuke, ilhali ya karafuu ni mazito na hukawia. Ndiyo maana sufuria huanza kwa kunukia chungwa ikaishia kunukia karafuu. Mama atangulize mdalasini na karafuu, kisha aongeze maganda wageni wanapokaribia, na maji yaongezwe kila yanapopungua, kwa sababu viungo vikiungua, harufu ya kuungua haiondoki upesi nyumbani.

Mpwani Ugenini
Mdalasini nao una aina. Ule wa gome nene na gumu ni mkali na huvumilia kutokoswa muda mrefu. Ule mwembamba uliokunjwa tabaka kwa tabaka ni mtulivu, nami ningeuhifadhi kwa chai. Bado nasema posa bila udi imepungukiwa.

Muuguzi wa Njombe
Dada, udi ufukizwe barazani, mbali na mama mkwe, nami sitakuwa na neno.

Mama wa Uyole
Nimeelewa kuhusu mkaa, na nitaazima jiko la umeme kwa wifi yangu. Sasa nasita kati ya mchaichai na machungwa. Je, maganda ninaweza kuanza kuyakusanya na kuyakausha leo?

Bibi wa Tukuyu
Huko Uyole yatakauka, kwa kuwa jua la kipupwe mnalo. Kwetu Tukuyu mvua hukawia kukoma na maganda huota ukungu. Kwangua ule utando mweupe wa ndani, uyatandaze juu ya ungo, na usiku uyaingize ndani yasipate umande.

Mpwani Ugenini
Yaliyokauka yananukia hafifu kuliko mabichi, Bibi. Ni afadhali wageni wale machungwa na maganda yaende sufuriani siku hiyohiyo.

Bibi wa Tukuyu
Wageni wa posa huletewa chai kwanza, mwanangu. Machungwa yatafika mezani wakati mazungumzo yamekwisha.