Tupeane uzoefu: kanuni za chumba cha mtihani chuoni zilivyokukuta

KahawaChungu
Habari za jioni, wakuu. Mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza hapa Moshi, ameniletea ratiba ya mitihani ya muhula wa pili pamoja na kijitabu cha kanuni, akaniuliza zipi zinafuatwa kweli na zipi ni za kutishia watu. Nimeshindwa kumjibu kwa ufupi, kwa sababu nimeshuhudia vichwa vya darasa vikikwamishwa na kitambulisho au saa. Waliosoma Arusha na Moshi, naomba mseme yaliyowakuta.

BintiMbuyuni
Kwetu ilikuwa kibali cha kufanyia mtihani, ambacho hakikutolewa kwa mwenye deni la ada, na mwaka huo fedha za Bodi ya Mikopo zilichelewa. Asubuhi ya mtihani wa kwanza foleni ya dirisha la uhasibu ilishuka ngazi hadi uwanjani, kila mtu na risiti yake ya benki mkononi, huku wenzetu wakiitwa majina ukumbini. Mwambie mdogo wako ashughulikie kibali mapema.

MzeeWaNjiro
Foleni hiyo naijua vizuri sana.

TengeruMoja
Mimi nilikuwa napanda haisi kutoka Usa River. Mlango wetu ulifungwa nusu saa baada ya mtihani kuanza, na ndani ya nusu saa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Wengi hudhani ni ukali tu, lakini kanuni hizo mbili zinategemeana: aliyekwisha kuliona swali asikutane na ambaye hajaingia.

SwetaLaBuluu
Kusoma habari za ukumbini kumenikumbusha koti. Wenyeji mnaijua baridi ya Julai, mlima unapojifunika siku nyingi mfululizo. Tangazo mlangoni lilisema makoti mazito na mabegi yabaki nje, lakini msimamizi alituonea huruma, akapapasa mifuko ya nje na kutupitisha. Koti nililovaa lilikuwa la mwenzangu wa chumba, aliyefanya somo hilohilo mwaka uliotangulia. Mtihani ukiwa umekolea, niliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani kutafuta leso, nikatoka na karatasi iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kiberiti, imejaa fomula za takwimu kwa mwandiko wake wa kubanana. Sijajua hata niifanyeje, msimamizi wa pili alikuwa ameshafika.

Hakupaza sauti. Alichukua kijitabu changu cha majibu, akaandika saa kwenye jalada, akaniletea kipya na kuniambia niendelee, kisha akaniwekea fomu ya tukio nieleze na kutia sahihi. Jaribuni kukokotoa mkengeuko wa wastani baada ya hapo! Mbele ya kamati hakuna aliyeniuliza kama niliisoma ile karatasi. Waliuliza kama nilikuwa nayo, maana kanuni yetu ilihesabu kupatikana na karatasi isiyoruhusiwa kuwa kosa, iwe imetumika au haikutumika. Mwenye koti alikuja mwenyewe, akaandika mbele yao ili walinganishe mwandiko. Sikufukuzwa, ila matokeo ya somo hilo yalifutwa na nikalirudia mwaka uliofuata.

Mkosoaji_Sakina
Pole, dada, lakini nani huazima koti asipekue mifuko? Hadithi za namna hii kamati husikia kila muhula.

BintiMbuyuni
Kaka, mwenzako amesema alikwenda kamati na mwenye koti akakiri. Unataka akuletee na koti lenyewe?

Mkosoaji_Sakina
Nimeuliza swali tu. Ushauri wangu kwa wadogo ni huu: usisaini fomu yoyote mpaka upate mtu wa kukushauri.

ChakiNaUbao
Nimesimamia mitihani kwa miaka mingi, na ushauri huo utamponza mtu. Msimamizi hahukumu, hukusanya ushahidi, humwacha mtahiniwa aendelee na kuandika taarifa. Ile fomu ndiyo nafasi yako ya kwanza ya kujieleza, na ukigoma kuijaza, taarifa itakwenda na maneno ya msimamizi peke yake pamoja na kumbukumbu kwamba uligoma. Kwa SwetaLaBuluu, mwenye lawama ni yule aliyewahurumia, kwa sababu kanuni ikilegezwa mlangoni, gharama humwangukia mtahiniwa.

SwetaLaBuluu
Shikamoo, mwalimu. Hilo sikuwahi kuambiwa.

MzeeWaNjiro
Nendeni soko la Memorial mkachague sweta za mitumba zisizo na mifuko, mjadala uishe.

TengeruMoja
Nyongeza kuhusu ugonjwa: hata ukiwa na malaria, jikokote ufanye, sapu, yaani mtihani wa marudio, haina raha.

ChakiNaUbao
Hapana, kijana wangu. Ukishaketi ukaandika, umejihesabu mzima, na cheti cha daktari utakacholeta baada ya matokeo kina kazi ngumu. Anayeumwa aombe kuahirisha kabla ya mtihani, kwa maandishi, ili apangiwe mtihani maalumu, ambao huhesabiwa kuwa jaribio la kwanza. Sapu ni ya aliyefanya akafeli, na vyuo vingi huikatia alama zisivuke C.

KahawaChungu
Ahsanteni. Mdogo wangu amesoma yote, na sasa anauliza kama saa ya mkononi ya kawaida inaruhusiwa.

BintiMbuyuni
Ya mishale, ndiyo. Saa janja aiache chumbani kwake, na simu pia, hata ikiwa imezimwa.