Bajeti ya Kickstarter kwa mchezo wa kutisha wa London, 1665

Wakuu, nachangisha fedha Kickstarter (tovuti ya kuchangisha fedha za miradi) za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, hadithi yake ikiwa wakati wa tauni. Kitabu kurasa 200. Lengo nilipangeje?

Jibu: Mkuu, Kickstarter hukata 5%, na malipo ya kadi yana makato yake. Usipofikia lengo hupati hata senti. Kinachoua miradi ni usafirishaji: pima uzito wa nakala iliyofungwa tayari, nauli itoze baadaye.

Jibu: Fanya kurasa 208. Kitabu cha ofseti (uchapaji wa mashine kubwa) hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na 200 haigawanyiki. Picha ziwe CMYK (rangi nne za uchapaji), dpi 300 (nukta kwa inchi), ziada ya kukata milimita 3. PDF itangulie, wachangiaji waone makosa kabla ya kuchapa.

Jibu: Nyumba yenye mgonjwa ilifungwa siku 40, msalaba mwekundu mlangoni. Kanuni zako zianzie hapo!